Majani ya Manyoya Katika Maji Yetu

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo pengine hamkulitazamia katika kipindi hiki, nalo ni mimea ile ya majini yenye majani membamba kama manyoya ya ndege, na jinsi ya kuipanda na kuitunza katika kidimbwi cha bustani au katika tangi la kioo la samaki. Msishangae. Yako makanisa yenye kidimbwi karibu na mlango, au tangi katika chumba cha watoto wa shule ya Jumapili, na wale wanaovitunza wametuletea maswali. Swali la kwanza ni hili: kwa nini maji yetu yamegeuka kijani? Na la pili: je, twaweza kwenda ziwani au mtoni tukachukua majani hayo, na yakizidi tukayarudisha? Hilo la pili ndilo zito, nasi tutakaa nalo zaidi.

Kwanza tuifahamu mimea yenyewe, maana iko ya namna nyingi, na watu huiita yote kwa jina moja. Sisi tutataja mitatu tu. Wa kwanza wataalamu wauita Ceratophyllum demersum. Huu ni wa kwetu, tena ni wa karibu dunia nzima. Waota katika Ziwa Victoria na katika maji mengi ya Afrika. Majani yake huzunguka shina kama spoki za gurudumu la baiskeli, na kila jani hugawanyika mara moja au mara mbili kama panda ya manati. Ukiyapitisha katikati ya vidole utasikia yakwaruza kidogo. Alama yake kubwa ni kwamba hauna mizizi kabisa. Huelea tu, ukila kwa majani yake yote. Basi katika mazungumzo haya tutauita mmea usio na mizizi.

Wa pili ni wa jamii ya Myriophyllum, na jani lake ni unyoya kamili: uti mmoja katikati na nyuzi huku na huku. Jamii hii ina ndugu wengi, lakini yule ajulikanaye zaidi kwa wenye vidimbwi ni Myriophyllum aquaticum, ambaye kwa Kiingereza hupewa jina lenye maana ya unyoya wa kasuku. Huyu hutoa vichwa vyake nje ya maji, vya rangi ya kijani iliyochanganyika na kijivu, vikasimama kama miti midogo ya Krismasi. Kwa kweli ni mzuri wa kutazamwa. Kwao ni Amerika ya Kusini. Wa tatu ni kabomba, naye atoka Amerika pia. Majani yake hutoka mawili mawili yakielekeana, kila moja limekunjuliwa kama kipepeo cha kupepea moto. Kabomba ndiye mwenye madaha kuliko wote, na ndiye mwenye kudeka kuliko wote.

Sasa, kwa nini mimea hii isiyo ndugu mmoja imevaa vazi moja? Hapa tutazame kazi ya Muumba kwa makini kidogo. Mmea wa nchi kavu hupata hewa kwa urahisi, kwa kuwa hewa imeuzunguka pande zote. Lakini ndani ya maji yaliyotulia hewa husogea polepole mno, yapata mara elfu kumi polepole kuliko inavyosogea nje. Jani pana kama la mgomba likizamishwa lingekaa na njaa. Jani lililochanwa nyuzi nyuzi lina ngozi kubwa ya kugusa maji kwa kila upande, na maji yakipita kwa nguvu hayalirarui, hupenya katikati. Tena halihitaji mti mgumu wa kulisimamisha, kwa sababu maji yenyewe hulibeba. Utoe mmea huu nje, nao utalala juu ya kiganja chako kama uzi uliolowa, huna hata la kutazama. Urudishe majini, nao hukunjuka papo hapo. Watoto hawachoki na jambo hili, nasi watu wazima, tuseme kweli, hatuchoki pia.

Na huo mmea usio na mizizi una jambo jingine tupendalo kulieleza. Huchanua maua yake chini ya maji, nayo chavua hupelekwa na maji yenyewe hata ikalifikia ua la kike. Hakuna nyuki wala upepo. Maua ni madogo sana, na wengi wamefuga mmea huu miaka na miaka pasipo kuyaona.

Basi tuje kwenye swali la maji ya kijani. Rangi ile ni mwani, vijimea vidogo visivyoonekana kimoja kimoja kwa macho, navyo hula chakula kile kile ambacho mimea mikubwa hula, yaani mavi ya samaki, mabaki ya chakula chao na majani yaozayo. Jua likizidi na chakula kikizidi, mwani huongezeka kuliko vyote. Watu wengi hukimbilia kumwaga maji yote na kujaza mapya. Wiki ya pili rangi imerudi, kwa sababu samaki ni wale wale na chakula ni kile kile. Yafaa zaidi kumweka mlaji mwingine mezani. Mmea usio na mizizi hukua upesi, na kwa kukua upesi hula upesi, mwani ukabaki na njaa. Ndiyo maana twausifu kuliko kabomba kwa mtu aanzaye. Hauchagui maji, yawe ya kisima yenye chokaa, yawe ya mvua, wote huvumilia. Hustahimili baridi ya Limuru na joto la Mombasa, ijapokuwa penye baridi hukua kwa uvivu. Kabomba hupenda maji laini na mwanga mwingi, na akivikosa hunyonyoka majani akabaki shina tupu.

Kupanda si kazi kubwa. Maji ya bomba yawekwe katika ndoo iliyo wazi siku moja nzima, ili dawa ya klorini ipungue. Mchanga wa mto uoshwe mpaka maji yatoke safi, kisha utandazwe vidole vitatu au vinne chini ya tangi. Kwa kabomba na kwa jamii ya Myriophyllum, kata vichwa vyenye afya vya urefu wa shibiri moja, ondoa majani ya sehemu ya chini, kisha chomeka kila kimoja peke yake mchangani, na baina ya kimoja na kingine uache nafasi ya kidole. Usivifunge kitita kama mchicha wa sokoni, maana katikati ya kitita hapaingii mwanga, na shina huoza hapo. Mmea usio na mizizi hauna haja ya kuchomekwa. Ukiuchomeka, sehemu iliyo mchangani itaoza. Uache uelee, au uufunge kwa uzi kwenye jiwe kama wataka usimame. Katika siku za kwanza waweza kupukutisha majani mengi kama miiba. Usikate tamaa wala usiutupe. Unayazoea maji mapya, na vichwa vipya vitatoka. Yaliyopukutika yatolewe kwa kichujio kabla hayajaoza.

Mwanga wa saa nane hadi kumi kwa siku watosha. Tangi lisiwekwe dirishani penye jua kali la alasiri, kwa maana maji huchemka samaki wakateseka, na mwani hushangilia. Kila wiki ondoa robo ya maji na kurudisha mengine yaliyotulia. Maji yale ya zamani ni mbolea nzuri. Mwagia sukuma wiki, lakini uyachuje kwanza, kwa sababu tutakayoieleza baadaye. Mbolea ya chumvichumvi usiitie katika tangi hata kidogo. Samaki wenyewe wametosha kuwa mbolea.

Liko jambo moja ambalo wafugaji wengi hawalijui. Mchana mimea hii hutoa oksijeni, hata ukaona vipovu vidogo vimekaa juu ya majani kama lulu. Usiku haifanyi hivyo. Usiku nayo huvuta hewa kama samaki wavutavyo. Kidimbwi kilichojaa majani pomoni chaweza kupendeza adhuhuri na kuua samaki alfajiri. Kwa hiyo mwenye kidimbwi na aamke mapema siku moja moja, kabla ya jua, akatazame. Akiona samaki wamekuja juu wakipanua vinywa, na huku mchana wako salama, ajue kwamba majani yamezidi, naye apunguze theluthi yake siku hiyo hiyo. Mtu asiyetazama kidimbwi chake ila saa nne za asubuhi, akiisha kunywa chai, hatalijua hili kamwe.

Na hapo ndipo mkasi unapoingia, na pamoja na mkasi lile swali la pili.

Mimea hii haina haja ya mbegu ili kuenea. Kila kipande cha shina chenye fundo moja au mawili ni mmea mpya. Yule unyoya wa kasuku ni mfano wa ajabu: huku nje ya kwao Amerika ya Kusini waliopo ni wa kike tu, wala mbegu hawatoi, na hata hivyo wameenea katika mito ya nchi nyingi kwa vipande peke yake. Kipande huvunjika, huelea, hukwama kwenye ukingo, huota. Kipande hunaswa kwenye wavu wa mvuvi au kwenye ndoo ya mchota maji, kikapelekwa ng'ambo. Unapokata nusu ya kidimbwi chako na kuitupa mferejini, umepanda shamba katika mto wa watu wengine.

Tunasema hivi si kwa kutishana. Afrika Kusini yalijua haya tangu mwanzo wa karne ya 20, ulipoonekana unyoya wa kasuku huko Cape, karibu na mji wa Paarl. Ulizidi kuenea katika mito hata wataalamu wakaenda Brazil kutafuta mdudu aulaye. Mwaka 1994 wakawaachilia huko mbawakawa wadogo wa jamii ya Lysathia, nao wamesaidia kuurudisha nyuma. Uingereza ilikataza kuuzwa kwa mmea huu mwaka 2014, pamoja na mingine minne ya majini. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliuweka katika orodha yao ya mimea iliyokatazwa mwaka 2016, naye kabomba mwenye madaha akaandikwa katika orodha hiyo hiyo. Mimea hii ilianza kama pambo la nyumbani. Hakuna aliyekusudia ubaya.

Lakini twende mbali kwa nini? Wasikilizaji wetu wa Kisumu, Homa Bay na Busia hawahitaji kuambiwa habari za Paarl. Gugu maji lile lenye ua zuri la zambarau nalo kwao ni Amerika ya Kusini, nalo lilichukuliwa na watu toka nchi hata nchi kwa ajili ya uzuri wa ua lake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 lilikwisha kuonekana katika Ziwa Victoria, na katika miaka ya 1990 Ghuba ya Winam ilifunikwa mahali pengi, mashua zisiweze kutoka wala kuingia. Mvuvi alisimama ufukweni na wavu mkononi, na maji hayaonekani. Kwenye mwaka 1997 fukusi wa kulila gugu hilo waliachiliwa upande wa Kenya. Likapungua sana, kisha likarudi, na hata leo hupungua na kurudi. Ziwa Naivasha nalo lilivamiwa na gugu jingine lielealo, Salvinia molesta, katika miaka ya 1960, na gugu maji likafuata mwaka 1988. Hayo ni magugu ya kuelea, si manyoya tunayoyazungumzia, lakini njia ya kuingia ni moja. Mtu alipenda pambo lake, akachoka nalo au likamzidi, maji yakalichukua.

Naivasha hutufundisha na upande wa pili wa jambo hili, nao husahauliwa. Mwaka 1970 waliletwa humo kamba wa maji matamu ambao kwao asili ni Marekani, ili watu wapate kuwavua na kuwauza. Kamba wale wakaila mimea ya asili iliyoota chini ya maji, hata kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 ikawa imetoweka mahali pengi. Na ndani ya mimea ile ndimo samaki wadogo walimojificha. Kwa hiyo tusiseme kwamba majani ya majini ni adui. Mmea usio na mizizi, mahali pake, kwa kiasi chake, ni nyumba ya viumbe wengi. Shida ni kuukosesha kiasi, au kuuleta mgeni asiye na wa kumla.

Je, tuchukue basi ule wa kwetu ziwani, maadamu ni wa kwetu? Jibu letu ni kwamba ni afadhali uombe kipande kwa mtu ambaye tayari anaufuga. Sababu yake ni kichocho. Konokono wachukuao kichocho hupenda sana majani haya. Ndipo walapo, ndipo wakaapo, na ndipo watagapo mayai yao. Mtoto aingiaye majini hadi kiunoni kwenda kuvuta majani ameingia pale pale penye hatari. Na konokono aliyekwisha kuambukizwa akija nyumbani ndani ya kitita cha majani, ataendelea kutoa vimelea ndani ya tangi lako, na wewe hutia mkono humo kila wiki.

Habari hii ya konokono imechunguzwa vizuri kaskazini mwa Senegal. Huko bwawa la Diama lilikamilika mwaka 1986, maji ya chumvi yakazuiwa, kilimo cha kumwagilia kikaongezeka na mbolea yake ikaingia mtoni; basi huo mmea wetu usio na mizizi ukanenepa kupita kiasi, na kichocho kikaongezeka pamoja nao. Watafiti wakiongozwa na Jason Rohr wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, walishirikiana na wenyeji katika vijiji 16 kwa muda wa miaka mitatu. Katika baadhi ya vijiji walitoa majani pale watu wachotapo maji na kufulia, zaidi ya tani 400 kwa jumla. Katika vingine waliyaacha. Habari zao zilitolewa mwaka 2023: pale palipoondolewa majani konokono walipungua, na watoto wa shule waliokwisha kutibiwa waliambukizwa tena kwa uchache kuliko wenzao. Na yale majani hawakuyatupa. Waliyafanya mboji kwa vitunguu na pilipili, na kondoo wakalishwa.

Twaipenda habari hii kwa sababu haikuomba dawa mpya wala mashine ya bei kubwa. Iliomba watu wajue ni kitu gani kiko ndani ya maji yao, kisha washirikiane. Vikundi vyetu vya vijana katika mitaa iliyo kando ya ziwa vingeweza kuwauliza maofisa wa afya wa kaunti juu ya kazi ya namna hiyo. Lakini wasiingie majini wenyewe pasipo mabuti marefu na glavu, wala pasipo maagizo ya wenye ujuzi.

Ukiisha kupewa kipande chako na rafiki, hata hivyo usikitie tangini siku hiyo. Kiweke katika beseni jeupe lenye maji safi kwa wiki mbili. Weupe wa beseni utakuonyesha kila kitambaacho. Konokono mtoe, na ukiona kitu kama uteute wenye vitone vidogo umegandamana na jani, hayo ni mayai yake. Kata sehemu hiyo uitupe kwenye jua kali. Kutoka nchi za ng'ambo mmea wo wote usiletwe katika mkoba kwa siri, ati ni kijani kidogo tu. Sheria yataka kibali cha KEPHIS kwanza, na baada ya hayo yote tuliyoyasema mtaona sheria hiyo haikutungwa kwa kutusumbua.

Tusisahau mbu. Kidimbwi kisicho na samaki ni kitalu cha malaria, na twasema wazi kwamba kanisa lisilo na mtu wa kukitunza na lifukie kidimbwi chake, lipande maua ya nchi kavu. Samaki wa dhahabu na samaki wadogo wengine hula viluwiluwi vya mbu kwa hamu. Lakini unyoya wa kasuku ukifunga zulia juu ya maji, viluwiluwi hukaa katikati ya mashina mahali samaki asipopenya. Ndiyo maana sisi twashauri wenye vidimbwi vya nje wauache kabisa mmea huo, uzuri wake usituhadae, watumie ule wa kwetu usio na mizizi, na waache angalau nusu ya uso wa maji wazi. Samaki wa jamii ya ngege wasichanganywe humo. Wako ambao ni walaji majani hodari, na baada ya mwezi utabaki na vijiti. Samaki wa dhahabu nao hudonoa, ila mmea usio na mizizi hukua upesi kuliko wanavyodonoa.

Kuhusu mahali pa kuchimba, kidimbwi kisiwe kwenye njia ya maji ya mvua. Mvua za masika zikija, maji yatafurika, na majani pamoja na samaki yataingia mtoni yenyewe pasipo mtu kuyatupa. Kiwe mahali pa juu, na ukingo wake uinuliwe shibiri moja kupita ardhi. Juu yake pawekwe wavu wa chuma wenye nguvu, uliofungwa imara. Mtoto wa miaka miwili huzama katika maji yasiyofika magoti ya mtu mzima, na uwanja wa kanisa siku ya Jumapili umejaa watoto ambao kila mzazi adhani wako na mwingine.

Sasa yale uliyoyakata. Yatandaze juu ya sementi au juu ya bati penye jua, mbali na mtaro, mpaka yakauke kabisa yavunjike mkononi. Siku mbili tatu za jua kali zatosha kwa kawaida, lakini katika majira ya baridi subiri hata wiki, maana kilicho kibichi katikati ya fungu chaweza kuishi. Yaliyokauka yatie katika shimo la mboji pamoja na samadi na maganda ya jikoni. Yale maji ya kuoshea tangi yachujwe kwa kitambaa kabla ya kumwagwa, na yamwagwe shambani, yasimwagwe kwenye mtaro. Hii ndiyo sababu tuliyosema tutaieleza. Kipande cha urefu wa ukucha hupita katika bomba la maji machafu pasipo shida yo yote.

Twajua hatari huwa kubwa zaidi lini: ni siku ya kuhama. Sisi makasisi twalifahamu jambo hili, kwa kuwa twahamishwa toka parokia hata parokia, na barua ya askofu haingoji kidimbwi. Katika siku ya kufunga mizigo, na lori liko mlangoni, hapo ndipo mtu mwema kabisa hubeba karai la samaki na majani akalimimina kwenye kijito kilicho karibu, akidhani amewahurumia. Wengine hufanya hivyo kwa sababu mtoto analia, hataki samaki wake wafe. Basi mambo haya yapangwe mapema. Sisi twaandika katika daftari la nyumba ya kasisi mimea iliyomo kidimbwini, jina lake, na jinsi ya kuikata, ili ajaye baada yetu aikute. Na ikiwa hapendi kazi hiyo, pameandikwa pia majina ya shule mbili zilizo tayari kupokea samaki. Mimea isiyopata mwenyewe yakaushwa kwanza, siku saba kabla ya lori.

Mtoto naye aelezwe ukweli. Aambiwe kwamba samaki wa tangi hawajui kuishi mtoni, na kwamba chini kule mto unapokwenda wako watu wachotao maji ya kunywa, wanyweshao ng'ombe, na wenye mashua. Tumeona watoto walielewa hili upesi kuliko wazee wa kanisa. Mmoja alituuliza kama mto wetu wafika mpaka baharini. Tukamwambia wafika. Akachukua kichujio, akaanza kuokota vipande vilivyobaki.

Waliotuuliza kama mimea hii yaweza kukaa katika chupa ya kioo mezani, pasipo samaki: yaweza, kipande kimoja cha mmea usio na mizizi, maji yakibadilishwa mara moja kwa wiki, mdomo wa chupa ukifunikwa kwa kitambaa chepesi kwa ajili ya mbu. Kiweke mbali na jua la moja kwa moja. Kikifika urefu wa chupa, kikate katikati, nusu moja iwekwe kwenye jua ikauke.